Mtihani wa uaminifu kwa mwenye sonona au baipola: mwongozo kamili kwa anayetafuta kazi Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kazi yake na anayefuata dawa zake, ambaye dosye yake inapita, mahojiano yanapita, kisha anaanguka kwenye mtihani wa uaminifu, yaani maswali ambayo mwajiri hutumia kupima kama mtu ataaminika kazini. Hajawahi kuiba. Hana kesi popote. Anaambiwa tu kwamba matokeo hayakuwa mazuri, naye anarudi Katuba au Ruashi akiamini kwamba hata karatasi imemwona mtu mbaya.

Karatasi haikumwona. Ilipokea majibu yaliyotolewa na ugonjwa. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, humfanya mtu ajishtaki kwa makosa madogo, na hata yasiyo yake. Baipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, inapompandisha humfanya ajisifu kupita kiasi na kujibu kabla ya kumaliza kusoma. Mtihani unauliza ulichotenda. Ugonjwa unajibu unavyojisikia. Lazima uyatenganishe hayo mawili, bila kusema uongo hata mara moja.

Humu hakuna mbinu ya kudanganya. Anayeitafuta nitamweleza mbele kwa nini ingemwangusha zaidi.

## Kusanya kwanza

- Karatasi ya dawa zako: jina la kila dawa, kipimo, saa ya kumeza, na muhuri wa kituo kinachokuhudumia. Kama unatibiwa kwenye kituo cha Dr Joseph Guislain, au una faili hospitali ya Sendwe, iombe mapema, usingoje siku ya kuitwa.
- Vyeti vya kumaliza kazi kutoka kwa kila mwajiri wa zamani.
- Kitambulisho, na kama tangazo limetaja, cheti cha mwenendo mwema na cha kutokuwa na kesi.
- Daftari dogo la usingizi: ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi. Wiki mbili zinatosha.
- Majina ya watu wawili au watatu watakaokushuhudia, ambao umeshawaambia kwamba wanaweza kupigiwa simu.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua ugonjwa wako na asiyeogopa kukuambia ukweli: mke, mume, yaya, au mama mdogo. Huyu usimkose.

Kama mtihani unafanyika kwenye intaneti, ongeza kompyuta yenye betri iliyojaa na simu yenye megabaiti za akiba. Umeme ukikatika katikati ya maswali, moyo unaenda mbio, na majibu ya baadaye yanaharibika.

## Mtihani wenyewe unatafuta nini

Kuna aina mbili. Ya kwanza inauliza waziwazi: umewahi kuchukua kitu cha mwajiri? Mfanyakazi aliyeuza dumu la mafuta ya kompani afukuzwe au aonywe? Unadhani wengi wangeiba kama hakuna anayewaona?

Ya pili haitaji wizi. Inauliza tabia: unapanga kabla ya kutenda? Hisia zako hubadilika haraka? Watu wamekuonea maishani? Nyuma ya maswali hayo inapima mambo matatu: uwajibikaji, kupatana na watu, na utulivu wa moyo. Hilo la tatu ndilo mlango ambao ugonjwa wa hisia unaingilia.

Aina zote mbili zinaweza kuwa na maswali ya kumnasa anayejipamba: "Sijawahi kusema uongo", "Sijawahi kumkasirikia mtu". Ukikubali yote, mtihani unaandika kwamba hujibu kweli. Pia swali moja linaweza kurudi kwa sura nyingine baada ya kurasa kadhaa, ili ionekane kama unasimama palepale. Ndiyo sababu aliyekariri majibu mazuri huanguka: hawezi kukumbuka alichosema mwanzoni.

Mitihani hii ilienea sana Marekani baada ya sheria ya mwaka 1988 iliyowazuia waajiri wengi wa sekta binafsi kutumia mashine ya kupima uongo. Huku ukikutana nayo, mara nyingi ni kwa Kifaransa. Kwa hiyo usishangae swali likionekana kama limeandikwa na mtu asiyejua familia ya Lubumbashi inavyosaidiana. Lisome kama lilivyo, ujibu lilichouliza.

## Hatua ya 1: Amua kama huu ni wakati wako

Anza wiki mbili kabla. Kila asubuhi andika usingizi wako kwenye daftari. Kila jioni muulize yule mtu wa nyumbani: "Unanionaje leo?" Usijitetee. Andika jibu lake.

Sababu ni kwamba mgonjwa wa hisia ndiye wa mwisho kujua kwamba amepanda au ameshuka. Anayelala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka na nguvu tele, anaongea bila kupumua, ananunua vitu ambavyo hakuvipanga, huyo anajisikia vizuri kuliko siku zote. Ndiye pia atakayejibu maswali 100 kwa dakika kumi na kuweka alama ya juu kila mahali.

Ukiwa umepanda au umeshuka sana, omba tarehe nyingine. Ujumbe mfupi unatosha: "Bwana, nawasalimu. Nina tatizo la afya wiki hii. Naomba kupewa tarehe nyingine ya mtihani, wiki ijayo kama inawezekana." Hujasema ugonjwa gani na hujadanganya. Wengine watakataa, ni kweli. Lakini mtihani uliofanywa vibaya unaweza kubaki kwenye dosye yako kwa mwajiri yule, na kukataliwa tarehe kunaumiza kidogo kuliko hilo.

Onyo. Kama mawazo ya kufa yanakuja, achana na mtihani kwa sasa. Mwambie mtu wa nyumbani leo hiihii, akupeleke kituoni, na asikuache peke yako. Kazi nyingine zitatangazwa.

Uko tayari ukiwa umelala vizuri siku saba mfululizo, na mtu wako anasema: "Uko kama kawaida yako."

## Hatua ya 2: Andika matendo yako, acha hukumu

Chukua karatasi. Upande mmoja andika vitu ulivyokabidhiwa kazini: funguo, pesa za usafiri, gari, vipuri, daftari la stoo. Mbele ya kila kimoja andika kilivyoisha: kilirudishwa, kilihesabiwa, kilipotea.

Upande wa pili andika makosa ya kweli. Ulichelewa? Uliondoka bila kuaga wakati unaumwa? Ulichukua kitu? Andika kitu chenyewe, mwaka, na kama ulikirudisha.

Hairuhusiwi kuandika neno lolote la kujihukumu. "Mimi ni mvivu" si tendo. "Mwaka 2022 nilikosa kazi siku nne bila kutoa taarifa" ni tendo. Hukumu inatoka kwenye ugonjwa, na ikishaingia kwenye karatasi itaingia na kwenye majibu.

Mpe mtu wako asome. Mara nyingi atafuta makosa uliyojibebesha, na kukukumbusha mema uliyoyasahau. Ukiwa na sonona, kumbukumbu huokota mabaya na kuyaacha mazuri. Ndiyo maana unahitaji macho ya mwingine hapa.

## Hatua ya 3: Fanya mazoezi ya kujibu

Hapa ndipo wengi wanaanguka, basi tukae kidogo.

Swali linalotaka ukiri. "Umewahi kuchukua kitu cha mwajiri bila ruhusa?" Mwenye sonona anakumbuka biki iliyobaki mfukoni, chaji ya simu aliyoifanya ofisini, karatasi mbili za mtoto wa shule, anaandika: ndiyo, mara nyingi. Anadhani amekuwa mkweli. Lakini anayesoma "mara nyingi" anaelewa mwizi wa stoo. Jibu la kweli ni lile lenye ukubwa wa tendo: kama kuna "vitu vidogo", chagua hicho, kama kuna nafasi ya kuandika, andika kitu chenyewe. Kuongeza ukubwa wa kosa ni kusema visivyo, sawa na kulipunguza.

Maneno makali. Kwenye Kifaransa utaona *toujours* (daima), *souvent* (mara nyingi), *rarement* (mara chache), *jamais* (kamwe). Sonona inapenda ncha mbili: daima nashindwa, kamwe simalizi. Baipola iliyopanda inapenda ncha zilezile kwa upande wa sifa. Kabla ya kuweka alama kwenye ncha, jiulize: katika miaka mitatu iliyopita, hapakuwa hata mara moja? Ikiwa ilikuwepo, rudi hatua moja ndani. Usifanye hivyo kwa kila swali, lakini. Ukiulizwa kama umewahi kughushi sahihi na hujawahi, *jamais* ndilo jibu, liweke bila woga.

Swali la hisia. "Hisia zangu hubadilika mara kwa mara." Hili linawatisha wengi. Jibu kwa kuangalia kipindi kirefu unachotumia dawa, siyo wiki mbaya uliyopitia mwaka juzi, wala asubuhi ya leo. Kama umekaa mwaka mzima umetulia, basi hisia zako hazibadiliki mara kwa mara, na kusema hivyo ni ukweli. Kama bado zinabadilika, weka "wakati mwingine" na uendelee. Mtihani unajumlisha majibu mengi. Jibu moja peke yake kwa kawaida halikuangushi.

Swali la wengine. "Watu wengi ni waongo." Aliyeumizwa, aliyeitwa kichaa mtaani, ana haki ya kuwa na uchungu. Lakini mtihani husoma jibu hilo kama dalili kwamba nawe unaona uongo ni jambo la kawaida. Wafikirie watu unaofanya nao kazi na kusali nao, mmoja mmoja, kisha ujibu.

Swali ambalo si la uaminifu. Likikuuliza kama unasikia sauti, kama umewahi kutaka kufa, kama unameza dawa za akili, hilo ni swali la daktari. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa ya Marekani, kwenye kesi ya Karraker dhidi ya Rent-A-Center, iliamua kwamba mtihani wa MMPI, wenye maswali mengi ya kupima tabia na ugonjwa wa akili, ni uchunguzi wa kitabibu. Hukumu ile haifungi mtu Kongo, lakini mpaka ilioupiga ni wa haki, na unaweza kuusimamia kwa adabu. Kama kuna nafasi ya kuandika, andika: "Mambo ya afya nitayajibu kwa daktari wa kazi," yaani yule anayepima kama mtu anafaa kazi. Kama hakuna, ruka swali. Kama kompyuta haikuruhusu kuruka, mwite msimamizi umwambie hivyohivyo.

Fanya mazoezi na maswali kama haya, kumi kwa siku, ukisoma kwa sauti. Umefika pale unapojibu swali moja Jumatatu na Ijumaa, na jibu halibadiliki.

## Hatua ya 4: Siku ya mtihani

Meza dawa za usiku kama kawaida. Kuna watu huziacha usiku wa kuamkia mtihani ili "kichwa kiwe chepesi". Usifanye hivyo. Kukatiza dawa ghafla kunaweza kuleta wasiwasi, kukosa usingizi, hata kurudisha ugonjwa.

Kama amitriptilini au dawa nyingine inakuacha na usingizi hadi saa nne asubuhi, omba nafasi ya mchana. Tena kwa wengi wenye sonona moyo huwa mzito zaidi asubuhi na kupata nafuu kadiri siku inavyoendelea. Kuomba saa ni jambo la kawaida, hakuhitaji maelezo.

Kula. Toka nyumbani mapema, hasa kama unategemea taksibasi. Ukifika soma maagizo mara mbili, na usirudi nyuma kubadilisha majibu. Ule mkono unaotaka kurudi kusahihisha mara nyingi ni wa sonona, unatafuta kukiri zaidi.

## Hatua ya 5: Kosa la kweli lililotendwa wakati wa ugonjwa

Wengine walio na baipola wana jambo gumu kuliko yote haya. Wakati wa kupanda walikopa pesa wasizoweza kulipa, au walitumia pesa za kazi, au walimtukana mkubwa wao mbele ya watu. Kisha wanaulizwa: umewahi kufukuzwa? Umewahi kutumia pesa ya mwajiri?

Usifiche. Ugonjwa unaeleza tendo, lakini haulifuti kwenye kumbukumbu za mwajiri wa zamani, na simu moja inatosha kulifichua. Ukifichuliwa umesema uongo kwenye mtihani wa uaminifu, huna pa kushika.

Sema sentensi tatu tu: kilichotokea, ulichofanya kurekebisha, na hali tangu hapo. Kwa mfano, mbele ya mama wa RH (ofisi ya wafanyakazi): "Mama, mwaka 2021 nilitumia pesa ya usafiri ya kazi kwa mambo yangu. Niliumwa wakati ule, lakini pesa niliirudisha yote, na karatasi ya malipo ninayo hapa. Tangu hapo nimeshika stoo ya watu wawili bila upungufu." Kisha nyamaza. Aliye na sonona ataendelea kueleza, ataomba msamaha kwa mtu asiyemkosea, na mwisho jambo lililokwisha litaonekana bichi.

Kama bado hujalipa, anza kulipa kabla ya kuomba kazi, hata kidogokidogo, na uchukue karatasi kila unapolipa.

Kama RH atauliza "Uliumwa nini?", jibu lipo: "Hilo nitamweleza daktari wa kazi, Mama."

## Hatua ya 6: Mbele ya daktari wa kazi

Huku mlango wa kusema unafunguka, na huku nakusihi useme yote. Kwa Kanuni ya Kazi ya Kongo (sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002), anayethibitisha kwamba unafaa kazi ni daktari, kwa cheti. Anachohitaji mwajiri ni neno "apte" (anafaa) au "inapte" (hafai), pamoja na masharti kama yapo; jina la ugonjwa halimhusu. Daktari anafungwa na siri ya kazi yake, na kuitoa ni kosa kwa kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu.

Mweleze mambo haya:

Dawa, kabla ya kutoa mkojo. Diazepamu na ndugu zake huonekana kwenye kipimo cha dawa za kulevya. Ukitoa karatasi yenye muhuri kabla, ni tiba. Ukiitoa baada ya matokeo, inaonekana ni kisingizio.

Mashine. Kama kazi ni kuendesha lori la mgodi, kupanda juu, au kukaa karibu na baruti, na dawa yako inaleta usingizi, mwambie hata kama itakukosesha nafasi ile. Hapa kuna maisha ya wenzako. Omba nafasi nyingine: stoo, karakana, ofisi ya magari.

Zamu. Kwa mwenye baipola, usiku bila usingizi ni moja ya vitu vinavyoweza kuamsha kipindi cha kupanda. Kazi za mgodi huko Likasi, Fungurume na Kolwezi zina zamu za usiku. Omba cheti kiandike sharti la zamu za mchana: "Docta, nafaa kazi hii, ila naomba uandike nisipangwe usiku." Kongo iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Mkataba huo unawahesabu pia wenye matatizo ya akili ya muda mrefu yanayowazuia, na unataka kazi irekebishwe kwa kadiri inayowezekana ili waifanye. Tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi ina sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu, namba 22/003.

Joto. Kama unatumia litiamu, jua la Oktoba na jasho linaweza kuipandisha mwilini hadi ikawa sumu. Muulize daktari kuhusu maji, kipimo cha damu, na dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo nazo huipandisha.

Hatua hii imekamilika ukitoka na cheti kisicho na jina la ugonjwa wako, na daktari ambaye hatashtuka siku ukirudi kwake.

## Hatua ya 7: Baada ya jibu

Ukichukuliwa, soma kontra. Kipindi cha majaribio hakiwezi kuzidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine. Panga tarehe za kliniki kwenye siku zako za mapumziko tangu mwanzo, na ununue dawa za mwezi mzima kabla ya kupanda gari la Kolwezi.

Ukiugua, peleka cheti cha daktari haraka. Kontra husimama kwa muda, haivunjiki. Wakati huo unadai theluthi mbili ya mshahara wa fedha, na mwajiri hawezi kuvunja kontra kwa sababu ya ugonjwa wenyewe mpaka ipite miezi 6 mfululizo ya kutoweza kufanya kazi.

Ukikataliwa, andika barua fupi ya heshima kuuliza sababu, na ubaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Wengine hawatajibu. Lakini kama mtu aliitaja afya yako kuwa sababu, andika siku, saa na maneno aliyotumia, upeleke kwa Mkaguzi wa Kazi. Kwa aliyekwisha kuwa na kontra ndiko kwa kuanzia kwa lazima: mahakama ya kazi haipokei kesi ya mfanyakazi mmoja ambayo haijapita kwanza kwenye usuluhishi wa Mkaguzi.

Na kazi ikiisha, kwa sababu yoyote ile, dai cheti chako. Mwajiri anatakiwa kukutolea ndani ya siku 2 za kazi. Kinataja kazi uliyofanya, tarehe ya kuanza na kumaliza, na namba yako ya hifadhi ya jamii. Hairuhusiwi kuongeza neno lingine lolote, la ugonjwa wala la tabia. Ukipewa chenye maneno ya ziada, kirudishe siku hiyohiyo uombe kingine, kwa sababu hicho ndicho utakachokiweka kwenye dosye ya mtihani unaofuata.